Mafundi gemu wa Arusha, mnatupiga mchana kweupe. Emuleta ya bure kwa 35,000, tena haichezi!

Wakuu, mnisamehe, leo povu lazima litoke.

Mdogo wangu kapeleka laptop yake ya mtumba kwa fundi mmoja hapa Arusha mjini awekewe gemu za PS2. Dogo ana ugonjwa wa PES 2014, gemu ya mpira, PES ya mwisho kutoka kwa PS2, na PS2 ya nyumbani lensi ilishakufa. Katozwa 35,000. Programu yenyewe, PCSX2, ni emuleta, yaani inaifanya kompyuta iigize PS2, na inapakuliwa bure kabisa kwenye tovuti ya walioitengeneza. Sawa, fundi ana bando lake, ana muda wake na kodi ya fremu inamsubiri, atoze. Mimi nagombana na kitu kingine: alipokea hela bila hata kuangalia laptop ina nini ndani.

Hiyo mashine ina prosesa ya Intel Core 2 Duo ya mwanzo mwanzo. Haina SSE4.1, seti ya amri za ziada za prosesa, na PCSX2 za sasa hazifunguki bila hiyo. Hilo unalijua ndani ya dakika mbili kwa kiprogramu kidogo kama CPU-Z, kabla hujagusa hela ya mtu. Fundi anayejua kazi angemwambia dogo palepale, "Hii haiwezi, kanywe chai." Huyu wetu akaenda kuchimba toleo la 1.4.0, la mwaka 2016, akalibandika jina "PS2 PRO" kwenye deskitopu ili lionekane jipya. Ukifungua pale panapoeleza toleo, ukweli uko wazi, hata kulificha vizuri kulimshinda.

Halafu maneno aliyompa mtoto! "Dogo, PS2 ilikuwa na MHz 300 tu, hii laptop yako ina GHz 2. Itapaa." Wakuu, huu ndio uongo unaouzika kuliko wote kwa sababu namba zake ni za kweli. Emotion Engine, prosesa kuu ya PS2, ilikuwa na MHz 294 na ushee, hakuna ubishi. Ila haikuwa peke yake. Ndani yake kuna VU mbili za kupiga hesabu za umbo na mwendo, pembeni kuna Graphics Synthesizer inayochora, na kuna prosesa nyingine kabisa ya kuhudumia padi, diski na sauti, ambayo ndiyo ile ile ya PS1. Zote zinafanya kazi kwa pamoja na kusubiriana kwa mpangilio maalumu. Emuleta inatakiwa izitafsiri zote, amri kwa amri, kwenda lugha ya prosesa ya Intel, na bado zisipishane. Kazi hiyo inakula nguvu mara nyingi kuliko mashine yenyewe ilivyokuwa nayo. Kulinganisha MHz na GHz hapo ni kama kusema mpishi mmoja mwenye mbio atapika harusi nzima peke yake.

Sasa njooni kwenye uhuni wenyewe.

Dogo kafika nyumbani, mechi imeanza, wachezaji wanatembea kama wako ndani ya maji na mtangazaji anakoroma. Tukarudi wote kwa fundi. Namuonyesha, ananijibu akiwa anakula karanga: "Kaka, namba hapo juu unaiona? Inasoma 50. Gemu ya Ulaya ni picha 50 kwa sekunde, kwa hiyo iko sawa. Shida ni macho yenu."

Macho yetu!

Nikamwambia afungue mipangilio ya Speedhacks, ya kulazimisha emuleta ikimbie. Kweli bwana, kitelezi kilichoandikwa VU Cycle Stealing kimevutwa mpaka mwisho. Kwa asiyekijua: kile kinapora muda wa prosesa kuu ya PS2 ili mzigo kwa laptop upungue. Gemu inaruka picha, lakini kihesabio kinaendelea kusoma vizuri kana kwamba mambo ni shwari. Maelezo ya programu yenyewe yanaonya kwamba ukikitumia, usomaji wa FPS, yaani hiyo namba ya picha kwa sekunde, unaweza kuwa wa uongo. Kwa hiyo huyu fundi hakushindwa kazi kwa bahati mbaya. Alijua haikimbii, akachezea mizani, kisha akatutolea macho na ile namba kama ushahidi. Nilipokirudisha sifuri namba ikashuka hadi ishirini na kitu. Akanyamaza. Kisha akanyoosha kidole ukutani: "Hela ikishalipwa hairudishwi."

Na hapo sijagusa takataka alizotuachia. Antivirusi kaizima moja kwa moja, eti inasumbua gemu. Kivinjari sasa kikifunguliwa kinaleta matangazo ya kamari, kwa laptop ya mwanafunzi. Kuna gemu mbili kubwa alizohamisha kwa flashi ya FAT32, ambayo haibebi faili linalofika GB 4, basi mafaili yamekatika njiani na hakuhangaika hata kuyajaribu. Orodha inasema gemu ishirini, hesabu imetimia, anayefungua atajijua.

Chalii wa Chuga mnaofanya hii kazi, niambieni ukweli: kumuuliza mteja "mashine yako ni ipi?" kunawapunguzia nini? Laptop hiyo hiyo ingeweza kupiga PS1 vizuri tu. Nimemwekea mwenyewe ePSXe, emuleta ya PS1, na PPSSPP kwa gemu nyepesi za PSP, dogo anacheza na kelele hazikatiki sebuleni. Kwa kazi hiyo fundi angechukua elfu kumi yake kihalali na mimi ningemletea wateja.

Waliopigwa kwa staili hii, Arusha au hata Moshi, wekeni hapa mlichoambiwa. Majina ya maduka acheni, mods watafuta uzi. Maneno yao tu yanatosha ili wengine wayatambue wakiyasikia.

NYONGEZA: Naona PM za kuomba BIOS, ile programu ya kuwashia PS2 ambayo emuleta inaihitaji, zimeanza. Sigawi. Emuleta ni halali, BIOS ni mali ya Sony, ndiyo maana PCSX2 haiji nayo. Kama una PS2 yako, hata iliyokufa lensi, tafuta memori kadi yenye FreeMcBoot, inayoiwezesha PS2 kuendesha programu zisizo za Sony, endesha biosdrain, programu ya kunakili BIOS, faili linatoka kwenye flashi kupitia tundu la USB. Ila PS2 nyembamba za mwisho kabisa, zile SCPH-9000x, nyingi zinakataa FreeMcBoot, geuza kwanza usome namba ya chini kabla hujanunua kadi.