Nyumba zipo Ilazo, mwenyewe nipo Dar: nani ashike pesa, nani ashike ufunguo?

Mwenye_Ilazo ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja Ilazo, Dodoma. Ndani kuna vyumba vinne masta na nyumba mbili ndogo za chumba, sebule na jiko. Masta ni 120,000 kwa mwezi, hizo mbili ni 250,000 kila moja. Kazi yangu ipo Dar na sitegemei kuhamia Dodoma karibuni. Mpwa wangu ndiye anayepokea kodi, anayeita mafundi na anayetafuta wapangaji wapya.

Shida ni tatu. LUKU ni moja kwa wapangaji wote sita, kila wiki ugomvi wa nani hajachanga. Bili ya DUWASA (mamlaka ya maji Dodoma) inagawanywa kwa vichwa na imepanda bila maelezo. Pesa ya matengenezo natuma, lakini sioni imenunua nini. Nataka kuendelea kusimamia mwenyewe nikiwa mbali. Nianze na lipi, na huyo kijana nimlipe kwa utaratibu gani?

---

MamaSwaswa amejibu:

Kaka, anza na pesa kabla ya mita. Kwa sasa mpwa wako anapokea kodi, anashika funguo, anachagua fundi na anachagua mpangaji. Hata awe mwaminifu kiasi gani, mtu mmoja akishika vyote vinne huna njia ya kujua chumba kimekaa wazi wiki mbili au miezi miwili, wala kama koki iliyonunuliwa imefungwa kweli. Gawa hayo majukumu, na undugu wenu utapona.

Kodi iingie kwako moja kwa moja. Fungua akaunti ya benki ya kodi tu, usiichanganye na mshahara, na uwashe ujumbe wa simu kwa kila muamala. Kama wapangaji wamezoea simu, chukua lipa namba kwa jina lako. Kila mlango upe alama, mfano ILZ1 hadi ILZ6, na mpangaji aiandike kwenye maelezo ya malipo. Bila hiyo alama utapokea 120,000 nne ndani ya siku mbili, na anayelipa mara nyingi ni kaka au mke wa mpangaji, jina ambalo hulijui. Malipo yakiingia, tuma risiti siku hiyohiyo yenye kipindi kamili: "1 Machi hadi 31 Mei", usiandike "miezi mitatu" tu. Ugomvi mwingi wa kodi ni ugomvi wa tarehe.

Mpwa abaki na funguo na macho. Mlipe kiasi maalumu kila mwezi, usimpe asilimia ya makusanyo, maana hakusanyi tena. Kazi yake iandikwe: tarehe 28 kupiga picha mita zote za maji (kila mlango ukishafungiwa yake), mara moja kwa mwezi kuzunguka nje na kurekodi video ya bati, mifereji, chemba na tangi, kupokea mafundi, na kuwepo mpangaji anapoingia na kutoka. Picha ya mita ionyeshe tarakimu na namba ya mita pamoja. Picha ya tarakimu peke yake haithibitishi ni mita ya mlango gani.

Dalali usimfanye msimamizi. Anakula kodi ya mwezi mmoja kila mpangaji mpya anapoingia, kwa hiyo faida yake ni wapangaji kuhamahama, na yako ni wakae. Mtumie chumba kikiwa wazi, muishie hapo. Chumba kitangazwe mapema kwa kufuata kalenda ya mji: wanafunzi wa vyuo vya UDOM, Mipango na CBE hutafuta vyumba kuelekea mwaka wa masomo unaoanza Oktoba na Novemba, na Bunge la bajeti huleta watu kuanzia Aprili hadi Juni. Masta ikiachwa wazi Julai inaweza kukaa bila mpangaji muda mrefu.

---

FundiKizota amejibu:

Nazungumzia umeme na maji tu.

Umeme. Mita moja kwa familia sita inawatia hasara wapangaji wenyewe. Anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi anaangukia kundi la D1, shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, REA (Wakala wa Nishati Vijijini) 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1 inakuwa 122. Mita ya pamoja lazima ivuke 75, kwa hiyo mpo T1, kundi la matumizi ya kawaida: 292 kwa uniti, na makato inafika kama 356. Mpangaji wa masta anayetumia uniti 60 angelipa 7,320 kwenye mita yake. Kwenye mita ya pamoja anachangia karibu 21,400 kwa uniti zilezile. Na mita ndogo za kuhesabia, zile sabmita, hazitatui hili. Zinagawa gharama kwa haki, lakini bei inabaki ya T1.

Dawa ni mita ya TANESCO kila mlango. Maombi yanafanyika kwa simu kupitia Nikonekt (mfumo wa maombi wa TANESCO), ukiwa na namba yako ya NIDA, lakini fundi anayesaini mchoro wa nyaya awe na leseni ya EWURA. Bei ya mjini iliyotangazwa Januari 2022 ni 320,960 kwa umeme wa njia moja, nyumba ikiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo. Huna ulazima wa kufunga sita siku moja. Anza na hizo mbili za 250,000, zina jiko na friji, ndizo zinazokula.

Kabla ya kuomba, nyaya zitenganishwe. Kosa ninalolikuta sana kwenye nyumba za safu ni taa ya nje ya mlango wa pili kuvutwa kutoka mlango wa kwanza, au pampu ya maji kuunganishwa kwa mpangaji mmoja. Mtihani wake ni rahisi: zima sakiti breka kuu ya mlango mmoja, washa kila kitu kwenye milango mingine, uone kinachokataa. Taa za uani na pampu vibaki kwenye mita ya zamani, na hiyo ununue wewe ukiwa Dar. Tokeni ni tarakimu 20, unamtumia mpwa anaingiza.

Angalia pia shawa za moto. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Zikiwashwa tatu alfajiri moja ni ampea 72 kwenye laini moja, ndiyo maana breka kuu inaanguka saa kumi na mbili asubuhi na watu wanamlaumu TANESCO. Waya wa shawa uwe milimita za mraba 4 kwa uchache, 6 ni bora zaidi, na breka yake peke yake. Ukikuta umefungwa wa 2.5 ubadilishe, huo unapata joto ukutani taratibu hadi plastiki inayeyuka.

Maji. Usigawe kwa vichwa. Funga mita ya maji ya nusu inchi kwa kila mlango, na geti valvu kabla yake, ili ukikarabati mlango mmoja usifunge maji ya wote. Zifungwe baada ya tangi. Ukizifunga kabla ya tangi, siku za mgao hewa inatangulia kwenye bomba na kuizungusha mita, mpangaji analipia upepo. Ila sasa maji yanashuka kwa uzito wake tu, kwa hiyo mnara wa tangi usipungue mita 3, bomba kuu kutoka kwenye tangi liwe robo tatu ya inchi, bomba la nusu inchi lianzie mlangoni. Ukiunga nusu inchi kuanzia juu, mlango wa mwisho haupati shawa.

Ukubwa wa tangi: chukulia watu 20, lita 60 kila mmoja kwa siku, ni lita 1,200. Mgao wa siku tatu unahitaji 3,600, kwa hiyo simtanki la lita 5,000 linatosha na kubaki.

Bili iliyopanda bila sababu, mshukiwa wa kwanza ni boya la tangi, lile linalofunga maji tangi likijaa. Chumvi ya maji yetu inagandisha mkono wa boya, halifungi, tangi linafurika usiku na maji yanapotelea kwenye bomba la ziada bila mtu kuona. Mwambie kijana asome mita ya DUWASA saa nne usiku tangi likiwa limejaa, kisha alfajiri kabla watu hawajaamka. Ikisogea, afunge koki ya kuingia kwenye tangi na arudie usiku wa pili. Ikisogea tena hata hapo, bomba la ardhini linavuja kati ya mita na tangi. Isiposogea, ni boya au vyoo. Baada ya mita ndogo kufungwa, jumla yake ikipishana na mita kuu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, rudia kipimo hiki.

---

Mwenye_Ilazo:

Asanteni sana. Fundi, hesabu ya D1 nilikuwa siijui kabisa. Swali la nyongeza: kila mlango ukiwa na LUKU yake, kodi ya jengo si itakatwa mara sita? Na huyu wa ILZ4 ana deni la miezi minne na hana mkataba wa maandishi. Mpwa anashauri tumfungie mlango.

---

Mzee_wa_Mkonze amejibu:

Mwanangu, usimfungie. Wala usikate maji, wala usitoe bati. Atakwenda kushtaki, na deni lako halali litageuka kesi yake dhidi yako, tena akidai vitu vilivyopotea chumbani ambavyo huwezi kuthibitisha kwamba havikuwepo.

Kukosa maandishi hakumfanyi asiwe mpangaji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, anayelipa mwezi kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha malipo, nayo iishe siku ambayo kodi hulipwa. Kama analipa tarehe 1, notisi ya tarehe 10 Aprili haiishi tarehe 10 Mei, weka 1 Juni. Iandike, taja deni mwezi kwa mwezi, mpwa ampelekee akiwa na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa kama shahidi, na mpokeaji asaini. Akikataa kusaini, shahidi aandike kwamba amekataa. Asipotoka, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu, na likishindwa ndani ya siku 30 unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa uzoefu wa watu wengi, makubaliano ya kulipa kidogokidogo yaliyosainiwa mbele ya mtendaji yanakufaa kuliko kesi. Mpe tarehe na kiasi, si ahadi.

Kodi ya jengo: nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, inakatwa unaponunua umeme. Jengo moja lenye mita nyingi linapaswa kukatwa kwenye mita moja, kwa hiyo mita mpya zikifungwa peleka orodha ya namba zake TRA, na uombe makato yabaki kwenye ile ya uani unayonunua wewe. Hii kodi ni ya mwenye nyumba. Mpangaji akikatwa, mpunguzie kwenye kodi yake ya pango. Jihadhari na chumba kilichokaa wazi: makato hujilimbikiza. Mita iliyokaa miezi minne bila kununuliwa umeme, mpangaji mpya akinunua wa 10,000 inaanza kukata 6,000, na siku ya kwanza tu anakuona mwizi. Nunua wewe kabla hajaingia.

Mikataba mipya iwe na namba ya NIDA, mahali pa kazi au chuo, mdhamini mwenye simu inayopatikana, idadi ya watu watakaokaa, dipoziti ya mwezi mmoja na masharti ya kuirudisha. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Kwa nyumba ya 250,000 ni 30,000. Watu hukwepa, lakini mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi hadi ulipiwe. Mpangaji akiwa kampuni, atakata asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio, yaani kodi ya mapato inayokatwa kabla hujalipwa, na kukupa cheti. Kidai, ndicho ushahidi wako TRA kwamba kodi hiyo imeshakatwa.

---

MamaSwaswa:

Naongeza la mafundi, ndilo alilouliza na hatujaligusa. Pesa ya vifaa usimpe fundi wala mpwa. Chagua duka moja la vifaa, fundi atume orodha yenye ukubwa na aina ("koki ya shaba nusu inchi, 2"), wewe ulipe kwa lipa namba ya duka, fundi achukue mzigo na risiti ya mashine ya EFD ipigwe picha. Kifaa cha zamani kisitupwe hadi ukione kwenye video. Ufundi ulipwe baada ya video ya maji yakitiririka au taa ikiwaka. Mpwa abaki na 50,000 ya dharura, akikutumia risiti unamrudishia.

Na uje mwenyewe mara mbili kwa mwaka. Kwa treni ya SGR unafika Dodoma kwa saa tatu na nusu hadi nne, unaweza kurudi jioni. Safari moja iwe mwishoni mwa Oktoba kabla ya mvua: kaza misumari ya bati, maana upepo wa Septemba na Oktoba unailegeza, safisha mifereji, nyonya shimo la choo kabla udongo haujalowa, na angalia njia za mchwa kwenye fremu za milango na nyuma ya makabati. Ya pili Mei, mvua zikiisha: nyufa kwenye kuta na madoa kwenye siling bodi huonekana wazi wakati huo, na mafundi wanapatikana.

---

FundiKizota:

Kwenye hiyo safari ya Oktoba, kama kazi ya mita inaendelea na mifereji ya nyaya na mabomba bado ipo wazi, ipige picha na futi ya kupimia pembeni, kutoka ukutani hadi lilipo bomba. Ziweke kwenye simu yako na ya mpwa. Mwakani akija fundi mwingine, atachimba tundu moja badala ya sita.