Barabara ya Raate, Ufini: mbona kwenye mnara hakuna makaburi ya Wafini?

Mpekuzi
Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu mapigano ya Raate, eneo la Suomussalmi, Januari 1940, katika Vita ya Majira ya Baridi kati ya Ufini na Urusi ya Kisovyeti. Picha za mnara wa Avara Syli zinaonyesha uwanja wa mawe na kengele katikati, basi. Sioni kaburi wala jina la askari wa Kifini. Walizikwa wapi? Na anayefika huko aanzie wapi ili aelewe vita yenyewe?

Jasiri wa Kaskazini
Mkuu, Wafini hawakuwaacha watu wao msituni. Maiti ilivutwa kwa sleji hadi kituo cha kukusanyia, ikatambuliwa, ikatiwa jenezani na kupelekwa parokia aliyotoka marehemu. Ndiyo maana uwanja wa karibu kila kanisa la Ufini una safu za makaburi ya mashujaa. Ukitafuta jina la mtu, anza na parokia yake, usianze na mahali alipofia.

Askari alivaa kibati shingoni kinachovunjika vipande viwili: kimoja hubaki na mwili, kingine huenda na taarifa ya kifo. Utaratibu huo ulikwama pale jeshi lilipolazimika kurudi nyuma na kuacha ardhi. Medani za vita za Kollaa na Ihantala, kwa mfano, leo ziko Urusi. Kazi ya kuwatafuta waliobaki huko iliwezekana baada ya mkataba wa 1992 kati ya nchi hizo mbili. Ni kazi ngumu: udongo wa misitu ile una asidi, unakula mifupa, na kibati kikikosekana inabidi DNA ilinganishwe na ya ndugu walio hai.

Waliozikwa kando ya barabara ya Raate ni askari wa Kisovyeti, kwenye makaburi ya halaiki. Divisheni ya 44 ilitoka Ukraine, kwa hiyo utakuta pia kumbukumbu ya Waukraine. Avara Syli, kazi ya Erkki Pullinen ya 2003, ni ya waliokufa pande zote mbili: mawe ni watu, kengele 105 ni siku za vita. Usikanyage wala kusogeza mawe.

Fundi Ramani
Naongezea upande wa ardhi. Usianzie kwenye mnara. Anzia shingo nyembamba ya nchi kavu kati ya maziwa ya Kuivasjärvi na Kuomasjärvi. Hapo Kapteni Mäkinen wa jeshi la Ufini, akiwa na askari wasiozidi 400, aliizuia divisheni nzima ya 44 isiwafikie wenzao wa divisheni ya 163 waliokuwa wamebanwa Suomussalmi. Tazama upana wa mahali penyewe: msafara uliofungwa na barabara moja hauwezi kutandaza vifaru wala mizinga yake, wingi wake wote unabaki nyuma kwenye foleni.

Ukishaliona hilo, fuata barabara kuelekea mashariki. Kanali Siilasvuo, kamanda wa Wafini hapo, alichonga njia za theluji kusini mwa barabara, sambamba nayo, akapeleka watu kwa skii na chakula kwa sleji, kisha akapiga ubavuni na kuukata msafara vipande. Daraja la Purasjoki lilipolipuliwa, magari hayakuwa na njia ya kurudi. Tarehe 7 Januari mambo yalikuwa yamekwisha.

Mabaki ya mahandaki utayatambua kwa mashimo yaliyojaa kuvumwani. Magogo ya paa yameoza zamani. Nenda kati ya Juni na Septemba. Wakati wa theluji mawe ya mnara yanafunikwa, na mahandaki huyaoni kabisa. Juni na Julai mbu ni wengi mno, vaa mikono mirefu.

Mpekuzi
Shukrani sana wakuu. Maganda ya risasi yaliyo juu ya ardhi yanaruhusiwa kuokotwa?

Jasiri wa Kaskazini
Yaache. Haki ya kila mtu kutembea msituni Ufini haijumuishi kuchimba; hilo linahitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Ukiona kombora au guruneti, hata lililoliwa na kutu, usiliguse: baruti ya ndani inaweza kuwa nzima. Weka alama mahali hapo, rudi kwa njia uliyojia, piga 112.

Fundi Ramani
Na mwisho wa barabara ni mpaka wa Urusi. Ukikuta vibao vya njano au alama za njano kwenye miti, hapo ndipo ukanda wa mpaka unapoanza. Bila kibali cha Walinzi wa Mpaka usivuke, hata kama handaki unalolitafuta liko mita chache mbele.