Bahari naielezeaje bila kuandika "kubwa sana" kila mstari?

Kijana_wa_Kongwa
Wakuu habari za mchana. Naandika hadithi, kijana katoka Dodoma kafika Tanga kwa mara ya kwanza maishani, afu anapanda mashua kwenda Pemba. Mpaka stendi ya basi hadithi ilikua inaenda fresh kabisa, shida imeanza alipofika ufukweni. Bahari kubwa sana, bahari pana sana, maji mengi sana, yani ukurasa mmoja una "sana" mpaka naona aibu. Na mbele kuna nyangumi anaibukia pembeni ya mashua, nae nimemuita "mkubwa mno" nikaishia hapo. Nikajaribu "jibahari", mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Nyie wa pwani hii kitu mnaisemaje? Naombeni maneno mnayoyatumia kweli, sio yale yamelala kwenye kamusi.

Mshipi_Mrefu
Kaka mi wa Pemba, na nikwambie tu ukweli huku husikii mtu anasema bahari kubwa, kubwa ushaijua tokea umezaliwa. Tunasema leo ipoje. Leo shwari, leo imechafuka, kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) imeshika, mkondo mkali, maji yanajaa, maji yanatoka. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanapanda mpaka kwenye mizizi ya minazi afu yakipwa yanakwenda mbali huko, na katikati ya hapo kuna maji mafu ambayo hayapandi wala hayashuki kivile. Mtu wako wa bara akikaa ufukweni siku ya bamvua asubuhi akaona maji yapo miguuni, akaenda kunywa chai akarudi akakuta mashua zimelala ubavu kwenye mchanga na kinamama wako mbali huko kwenye mwani wanaonekana vidoa tu, huyo hahitaji kuambiwa bahari kubwa, ataelewa mwenyewe.

Afu kina. Mkondo wa Pemba, ule wa kati ya Pemba na bara, si wa kuchezea, kuna sehemu unafika kama mita 800, wakati ule wa Unguja na bara haufiki hata 100. Ukivuka unaona kabisa rangi inageuka, maji ya kijani yanaisha yanaanza meusi. Ukishusha mshipi wa kuvulia unahesabu pima, ukinyoosha mikono yote miwili ndo pima moja, basi unaachia unahesabu kimoyomoyo, thelathini, arobaini, hamsini, chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi, haijagusa kitu. Hapo upo kilindini. Hata bandari ya Mombasa imeitwa Kilindini kwa sababu hiyo hiyo, pana kina. Mpe mzee wa kwenye mashua huo mshipi, huyo kijana aone mikono inavofunguka na kufunga na uzi unazidi kwenda tu.

bongo_lala
Andika "bahari ya kufa mtu" uendelee na maisha 😂

Mwl_Sarufi
@bongo_lala hiyo kwa kijiweni sawa, ila kwenye safari ya mashua msomaji atadhani unatabiri msiba.

Mleta mada, shemeji alikuwa na haki ya kucheka. Ukubwa kwa njia ya joka, jumba, jitu unabeba na dharau au kitisho ndani yake. Jitu si mtu mkubwa tu, ni mtu unayemkimbia. Kapu ni kikapu kilichozidi, buzi ni mbuzi na nusu (na maana nyingine mnazijua wenyewe). Sasa bahari huwezi kuidharau wala haina udogo wa kuanzia, ndo maana "jibahari" inagoma mdomoni. Kwenye bahari linakaa -kuu, ndo maana serikali nayo inasema uvuvi wa bahari kuu na sio uvuvi wa bahari kubwa. -kubwa ni ya kupimika, gunia kubwa, nyumba kubwa, lakini -kuu ni ya hadhi, kama barabara kuu au mwalimu mkuu. Kuna na pomoni kwa maji yaliyojaa hadi ukingo, na upeo wa macho kwa kule yanakoishia kuonekana. Lukuki usiitumie kwa bahari, hiyo ni ya idadi, nyota lukuki, samaki lukuki. Adhimu mi naiona imezeeka kidogo, inanukia hotuba.

Na ukubwa hausemwi, unalinganishwa na mtazamaji. Wahenga walishamaliza, maji ya kifuu bahari ya chungu. Nyangumi usimpe sifa, mpe muda. Mgongo unatokea, unapita, unapita, bado unapita, ndo mkia unakuja. Nyangumi wenye nundu wanaokuja pwani yetu wanafika kama mita 15, urefu wa basi la mkoani na kidogo, na mashua ya kijana wako sijui kama inafika nusu ya hapo.

Karabai_Kigoma
Wa pwani mnajisifu na mita 800 😄 Tanganyika inakwenda mita 1,470 na ni ziwa tu, urefu wake ni kama kilomita 670. Sisi huku usiku tukiwasha taa za dagaa maji yote yanakua kama mji, na mchana hewa ikiwa safi unaona milima ya Kongo ng'ambo, yani ukubwa wenyewe una ukuta wa kuupimia. Bahari haina ng'ambo, hapo nawakubalia. Mleta mada ungemleta Kigoma ungekua ushamaliza kitabu.

Kijana_wa_Kongwa
Aisee nawashukuru wote, nimefuta "sana" zote. Nimeandika hivi: "Januari ile kusi ilikuwa imeshika. Maji ya kijani yaliisha ghafla kama yamekatwa. Mzee aliachia mshipi, pima baada ya pima, na midomo yake ikihesabu bila sauti. Nyuma hakukuwa na Tanga, mbele hakukuwa na Pemba. Kisha mgongo ukatokea." Vipi hapo?

Mwl_Sarufi
Hapo sasa. Hilo "kama yamekatwa" toa, haliongezi kitu. "Nyuma hakukuwa na Tanga" usiliguse hata ukiambiwa na nani.

Mshipi_Mrefu
Nzuri kaka ila Januari hakuna kusi, yani upepo wa kusini, Januari ni kaskazi. Na hao nyangumi wanakuja miezi ya Julai mpaka Oktoba hivi, wanatoka huko Antaktika kwenye baridi wanakuja kuzaa. Kwaiyo safari ipeleke Agosti, kusi utaipata na nyangumi utampata. Ila Agosti kwa mashua ndogo kuvuka mkondo ule hakuna nahodha mwenye akili atakubali, mpandishe jahazi, na upepo hautakua mgongoni kwaiyo watapiga bisho masaa mengi, huku na huku. Na kijana wa Dodoma lazima atapike, hilo usilisahau, aanze kabla hata maji hayajageuka rangi.