Fundi anastaafu na ujuzi wake kichwani: tumdai au tumwache?

Zamu ya Usiku
Wakuu, kiwandani kwetu kuna mzee wa pampu anastaafu mwezi ujao, 60 imetimia. Mtambo ukianza kuumwa anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini sikioni, anakwambia "hii haimalizi wiki". Na kweli haimalizi. Hajaandika kitu popote. Dogo mmoja wa field akamrekodi kwa simu: mlio wa beringi nzima, mlio wa iliyokwisha, na mzee akieleza. Akatupia kwenye grupu la WhatsApp la zamu, sasa hata sisi wa usiku tunalinganisha. Meneja kampa dogo cheti cha ubunifu na laki mbili. Mzee kaambiwa asante. Tangu siku hiyo kafunga mdomo. Ana haki?

Mama Stoo
Ana haki zote. Cheti kilitakiwa kiwe na majina mawili, na la mzee litangulie.

Dogo Grisi
Haki ipi? Ujuzi kaupata kwa mshahara wa kiwanda, na beringi alizoua akijifunza alinunua nani? Wazee wanaficha makusudi ili wakistaafu waitwe kwa mkataba. Na hiyo 60 yenyewe tuiache, kuna watu wana miaka 58 tangu nikiwa shule ya msingi.

Babu Lathe
We Dogo Grisi, hata shikamoo hakuna, unaanza na umri wa watu. Nimezaliwa kijijini, tarehe aliniandikia karani. Unataka nikamfufue mkunga?

Dogo Grisi
Shikamoo babu. Karani aliandika 1/7, sio?

Babu Lathe
Marahaba. Haikuhusu.

Mtoto wa Mjini
😂😂 Nusu ya ofisi yetu tunakata keki 1/7.

Mama Stoo
Mnacheka, lakini anayepunguza umri na anayeficha ujuzi wanakimbia kitu kimoja: kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Ungekuwa na uhakika wa mafao yako ungefundisha huku unaimba.

Mtoto wa Mjini
Kikokotoo si Magufuli alishakifuta? 2019 kama sikosei.

Mama Stoo
Hakukifuta, alisitisha. Disemba 2018, baada ya watu kupiga kelele za mkupuo, ile hela ya mara moja ukistaafu, kuwa asilimia 25 ya mafao. Kikarudi Julai 2022 kwa 33.

Mtoto wa Mjini
Si sasa ni 40?

Babu Lathe
40 ni ya waliokuwa wanalipwa 50 zamani, hasa watumishi wa umma. Sisi tuliokuwa kwenye 25 tumeishia 35, bajeti ya 2024. Usitugawie hela za wenzetu.

Dogo Grisi
Kwa hiyo serikali ikikupunja mkupuo, mimi ndiye nisifundishwe? Field yangu nimemaliza kwa kutumwa chapati. Spana nilishika siku ya kupiga picha ya ripoti.

Mama Stoo
Chapati ndiyo field yenyewe mwanangu, foleni ya chai ndipo mafundi wanapoongea.

Dogo Grisi
Basi nina diploma ya chapati.

Babu Lathe
Kizazi chetu tulitumwa sigara, hatukulia hivi. Tena mleta uzi, hebu niambie, huyo dogo simu aliishika wapi wakati anarekodi?

Zamu ya Usiku
Aliiweka juu ya kava la kaplingi, kile kiungo cha mota na pampu, ndipo palipokuwa na nafasi.

Babu Lathe
Basi hamna beringi hapo. Kava ni bati, linapiga kelele zake na za kaplingi. Bisibisi inakaa kwenye nyumba ya beringi yenyewe. Mnalinganisha nini usiku kucha?

Zamu ya Usiku
Mungu wangu. Wiki iliyopita tumefungua pampu namba mbili kwa kuamini ile rekodi, tukakuta beringi safi kabisa.

Dogo Grisi
Babu, hapo sasa tueleze. Kaplingi inayolegea inaliaje?

Babu Lathe
Asubuhi nilikuwa mwizi wa umri. Kamuulize karani.