Naomba ushauri: maktaba ya jenomu au ya cDNA kwa jeni ya kuvu?

Kuvu_Pori:
Wakuu, heshima kwenu. Nimeanza shahada ya uzamili na nina kuvu inayoozesha mbao. Nataka kuipata jeni ya kimeng'enya chake kinachovunja selulosi, niiingize kwenye E. coli ili bakteria wanitengenezee kimeng'enya hicho. Pia nataka kujua kipande cha DNA kinachoiwasha na kuizima jeni hiyo. Msimamizi wangu kasema "tengeneza maktaba" (mkusanyiko wa vipande vya DNA), halafu kasafiri. Nikisoma nakuta maktaba ya jenomu, ya cDNA, na tena zile za mashine za kusoma mfuatano. Ipi ni yangu? Na nitahitaji kloni (koloni za bakteria, kila moja na kipande chake) ngapi?

PipetiKongwe:
Mdogo wangu, maswali yako ni mawili na kila moja lina maktaba yake.

Maktaba ya jenomu unaitoa kwenye DNA yote ya kuvu (hiyo ndiyo jenomu). Unaikata kwa kimeng'enya kama Sau3AI, ambacho hukata kila kinapokuta GATC. Ukikiacha kimalize kazi, utabaki na vipande vya wastani wa herufi 256 tu za DNA, havikusaidii. Kwa hiyo unakisimamisha mapema: molekuli moja inakatwa hapa, nyenzake inakatwa pale, na vipande vinapata ukubwa unaoutaka huku vikipishana. Kupishana huko ndiko kutakakokuwezesha kujua kipi kinafuata kipi. Vekta (DNA inayobeba kipande chako ndani ya bakteria) unaifungua kwa BamHI, kimeng'enya kingine cha kukata, kwa sababu kinaacha ncha zinazoshikana na za Sau3AI, unaunganisha kwa ligasi (kimeng'enya cha kuunga DNA), kisha unaingiza kwenye bakteria. Kila koloni inabeba kipande kimoja.

Humo utakuta kila kitu: jeni, introni (sehemu za ndani ya jeni zinazoondolewa kabla protini haijatengenezwa), na hicho kiwashio unachokitafuta. Lakini bakteria hawana mtambo wa kuondoa introni za kuvu. Ukiwapa jeni yenye introni, protini unayoitarajia hutaiona.

Ndipo inapoingia cDNA. Unaanza na mRNA, nakala ya jeni inayotumika kutengenezea protini, ambayo kuvu imeshaondoa introni zake yenyewe. Unainasa kwa mkia wake wa herufi A, kisha unaigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya walichokigundua Temin na Baltimore mwaka 1970 kwenye virusi. Ila kiwashio hutakikuta humo, maana hakinakiliwi kwenye mRNA.

Mama_Plasmidi:
Nakubaliana na PipetiKongwe, naongeza la kloni ngapi. Kuna kanuni ya Clarke na Carbon ya mwaka 1976: N = ln(1 − P) ÷ ln(1 − f). N ni idadi ya kloni, ln ni logariti asilia, P ni uhakika unaoutaka, f ni ukubwa wa kipande ukigawanya kwa ukubwa wa jenomu. Tuseme kuvu yako ina herufi milioni 40 na unatumia kosmidi, vekta zinazobeba herufi 40,000. Hesabu ya haraka haraka inakupa kloni 1,000. Kwa uhakika wa asilimia 99, kanuni inataka kama 4,600, kwa sababu vipande vinaingia kwa bahati nasibu: vingine vinajirudia, vingine havitokei kabisa. Ukitumia plasmidi (vekta ndogo za duara) zenye vipande vya herufi 4,000, andaa kloni 46,000. Chagua vekta baada ya kupiga hesabu.

Kanuni hii usiitumie kwa cDNA. Kule wingi wa kloni unafuata wingi wa mRNA. Jeni inayofanya kazi kidogo itakuwa adimu hata ukiwa na maelfu ya kloni.

Sindano_Baridi:
Samahani wakuu, mbona hakuna anayeuliza kama maktaba ya kloni inahitajika kweli? Tusimfanyishe mtoto wa watu kazi ya miaka ya sabini. Jenomu ya kuvu hii imeshasomwa? Kama imesomwa, tafuta jeni kwenye kompyuta, unda praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili), toa cDNA, piga PCR (kunakili kipande mara nyingi), umemaliza. Kiwashio nacho unakitoa kwa PCR kwenye DNA ya jenomu. Kama haijasomwa, hapo ndipo maktaba ya mashine ina maana: unavunja DNA vipande vidogo, unaviunganishia adapta (vipande vifupi vya DNA ambavyo mashine inavitambua) kwenye ncha zote mbili, unachagua ukubwa kwa shanga za sumaku, unapeleka kusomwa. Hakuna bakteria wala sahani. Angalia tu adapta zisiungane zenyewe kwa zenyewe, zitakula nafasi ya data yako.

PipetiKongwe:
Sindano, sawa, lakini kompyuta inatambua kinachofanana na kilichokwisha kujulikana. Kama kimeng'enya chake ni cha aina mpya kabisa, cDNA kwenye vekta ya kuzalisha protini bado ina faida: unamwaga koloni kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria) yenye selulosi ya aina inayoyeyuka majini, unapaka rangi ya Congo red, na koloni inayoila selulosi inazungukwa na duara lililopauka. Hukuhitaji kujua herufi hata moja. Ila cDNA iingie kwa mwelekeo mmoja. Ikiingia ovyo, ni kama kloni moja kati ya sita tu itakayosomeka sawasawa.

Kuvu_Pori:
Asanteni sana wakuu. Jenomu haijasomwa. Swali moja: kuvu ninaikuza kwenye glukosi kwa sababu inakua haraka. Naweza kutoa mRNA hapo hapo?

Mama_Plasmidi:
Hapana! Kuvu nyingi zikipata glukosi huzima jeni za kuvunja selulosi, maana chakula rahisi kipo. mRNA unayoitafuta itakuwa haipo au ni chembe, na maktaba itatoka nzuri kabisa bila jeni yako. Hamishia kuvu kwenye selulosi, ipe muda ianze kuila, ndipo utoe RNA.

Sindano_Baridi:
Na hiyo RNA igawe. Sehemu moja isomwe kwa mashine pamoja na DNA ya jenomu, nyingine iweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Jeni isipoonekana kwenye data, utatengeneza ile maktaba ya PipetiKongwe kwa RNA ile ile.

PipetiKongwe:
Hapo tumeelewana. Ukifika huko, igandishe maktaba kwenye gliseroli kabla ya kuizalisha. Kloni zinazokua haraka huzimeza za polepole kila unapoikuza upya.