Stika ya maegesho ni karatasi ya kadi ya harusi, halafu klampu tunafungwa sisi!

Jamani, niacheni nipumulie hapa, maana kule ofisi ya maegesho wamenifungia dirisha.

Nauza vitenge katikati ya Kampala, karibu na Kikuubo. Gari langu nalaza nyuma ya jengo moja la maduka. Jina silitaji, sina pesa ya wakili. Kila mwezi nalipa shilingi 150,000, napewa stika ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Jumanne nimepigiwa simu kuna msiba Bombo, kwetu. Nimefunga duka mbio, nafika kwenye gari, gurudumu la mbele limekumbatiwa na klampu ya njano. Mlinzi hata aibu hana: "Hajati, stika yako feki."

Feki! Stika niliyouziwa na kijana aliyevaa kizibao chao, ana kitabu cha risiti, kasimama kwenye lango lao, na huyu huyu mlinzi akiwa amekaa hatua tatu kutoka pale anakunywa chai! Sikuinunua uchochoroni mimi.

Nikaenda kwa meneja. Akanijibu, "Mama, ulipaswa kuwa mwangalifu." Nikamwambia sawa, mwanangu, nionyeshe ya kweli ikoje ili kesho niwe mwangalifu. Akatoa moja kwenye droo, akaiweka mezani kando ya yangu. Akazitazama. Akazigeuza. Akazitazama tena. Mwisho akamwita karani: "Hebu njoo, ipi ni yetu?"

Wallahi sisemi uongo. Karani naye alikisia.

Maana hakuna cha kutofautisha. Ni karatasi ya gundi ya kawaida, rangi ya bluu, nembo ya jengo, namba ya mfululizo, na mwezi umeandikwa kwa kalamu ya maka kama bei ya nyanya sokoni. Na sisi tuko Kampala, jamani! Nasser Road, mtaa wa wachapaji, tunaifikia kwa miguu. Wachapaji wengi pale ni watu wa haki, kadi za harusi ya mdogo wangu zilichapwa pale na zilitoka nzuri sana, lakini sifa nyingine ya mtaa ule, ya kughushi, nchi nzima inaijua. Mtu akichapisha kitu cha 150,000 kwa karatasi ambayo kila duka la mtaa ule linayo, ameacha mlango wazi na funguo juu ya meza.

Chukua noti ya 1,000, ile ndogo kuliko zote. Iinue kwenye mwanga: utaona kichwa cha korongo, yule wa kwenye bendera. Ndani imepitishwa uzi. Hiyo ni 1,000, pesa ya chapati. Stika ya 150,000 ukiiinua kwenye mwanga unaona kidole chako.

Najua mtu atakuja kuniambia waweke hologramu. Ndugu yangu, vile vidude vinavyometameta huuzwa kwa roli kama ya selotepu, vimeshaandikwa kabisa kwamba ni halisi. Mwingine atasema waweke QR, ule mraba wa vidoa. Ukipiga fotokopi ule mraba, nakala inasomeka vilevile! Kama ndani yake kuna namba tu, na namba hiyo haiulizi popote, ni pambo.

Dawa iko nyumbani kwetu na tunaitumia kila siku. Umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla. Unalipa kwa simu, unaletewa tarakimu 20. Jirani akiziiba, akaziandika, akazibonyeza kwenye mita yake, hapati kitu, kwa sababu zilitengenezwa kwa mita yako peke yake. Kwa nini stika isifungwe kwenye namba ya gari namna hiyo? Nilipe kwa simu, namba ya gari langu iingie kwenye daftari lao, mlinzi aandike namba ya gari aone imelipiwa au la. Hapo mwenye kughushi aghushi nini? Karatasi yenyewe haina kazi tena. Na yule kijana wa kizibao angekufa njaa siku ya kwanza, kwa sababu hakuna pesa inayopita mkononi mwake.

Kingine kinachonichoma: mnunuzi hana pa kuulizia. Tangu Novemba 2019 mamlaka ya mapato iliweka stempu za kidijitali kwenye soda, bia, hadi maji ya chupa, na kuna programu ya simu inaitwa Kakasa. Unaielekeza kwenye stempu, inakujibu. Maji ya chupa naweza kuyahoji! Stika ya 150,000 siwezi. Anayeweza ni mlinzi tu, na yeye anaangalia rangi. Mwezi huu bluu, pita. Basi.

Kuna jambo nitakubali, nisijifanye malaika. Stika hizi zinabanduka nzima nzima ukizipasha kwa kikausha nywele, na watu wanakopeshana. Mimi mwenyewe mwaka jana nilimkopesha shemeji wiki nzima. Ni kosa langu. Lakini hata hilo lina dawa ya bei ndogo: stika inakatwa mikato midogo midogo wakati wa kutengenezwa, ukijaribu kuibandua inachanika vipande. Kiwanda chochote cha stika cha maana kinaijua. Hawakutaka kugharamika, kwa sababu hasara inakuja kwetu, na faini inakwenda kwao. Fikirieni hapo. Stika bandia moja inawaletea 100,000 ya kufungua klampu, na juu yake 150,000 ya stika mpya. Atazuia nini mtu ambaye anakula kwenye tatizo?

Nililipa zote mbili. 250,000. Saa mbili na nusu nilikaa nikisubiri mwenye ufunguo wa klampu arudi kutoka chakula cha mchana. Maziko yetu hayasubiri mtu, mnajua. Nimefika Bombo watu wanakung'uta udongo mikononi.

Jana nimefanya kitu ambacho wao hawajawahi kufanya. Nimezunguka ua mzima nasoma namba za stika kwenye vioo. Yangu ya feki ilikuwa 00417. Nimekuta 00417 kwenye Premio nyeupe. Nimekuta 00417 kwenye Noah ya yule muuza viatu. Nimeikuta tena kwenye pikapu ya mizigo. Aliyeghushi hakujisumbua hata kubadilisha namba, alichukua moja ya kweli akairudufu! Magari matatu, na langu la nne, namba moja, chini ya pua za walinzi wanne, mwezi mzima. Nimempelekea meneja picha. Nimemuuliza 00417 ya kweli mliiuza kwa nani? Akafungua kitabu. Kitabu kina tarehe na kiasi cha pesa, hakina namba ya stika wala namba ya gari. Kwa hiyo kati yetu wanne, mmoja ana haki na hakuna mtu duniani anayeweza kumtaja. Klampu nimefungwa mimi tu. Nikauliza kwa nini mimi. Akasema maandishi ya mwezi kwenye yangu yalikuwa "mazuri mno".

Stika mpya niliyopewa ni 00592. Bluu ileile, maka ileile, safari hii mwandiko mbaya, alhamdulillahi. Kama unaegesha nyuma ya jengo hilo na kioo chako kina 00592, nijibu hapa hapa leo, kabla klampu haijamtafuta mmoja wetu.