Safari ya kwa bibi imekwama, watoto wako nyumbani: naombeni ushauri

Mama wa Mbagala
Habari za jioni ndugu zangu. Nina watoto watatu, miaka 13, 9 na 5. Tangu mwezi wa sita tumewaahidi kwamba shule zikifungwa Desemba tunakwenda Lushoto kwa bibi yao. Nauli za watu watano tulishazitenga. Wiki iliyopita bajaji inayotulisha ikaua injini, pesa yote imeishia kwa fundi na deni limebaki. Wa kati ameshapanga nguo kwenye begi. Kila asubuhi analifungua, anazihesabu, analifunga. Sijamwambia, moyo unaniuma. Mume wangu atakaa nyumbani siku nne. Nikisema tukae tu, najua itakuwa runinga tangu asubuhi na kila mtu na simu yake. Nina elfu thelathini. Mnanishauri nini?

Mama Watatu, Tanga
Pole sana dada. Mwambie mtoto leo, usisubiri kesho. Mimi mwaka juzi nilinyamaza hivyohivyo, akaja kuambiwa na mtoto wa jirani kwamba hatusafiri. Kilichomuuma ni kwamba nilijua nikamficha. Kaa naye mkekani, baba yake awepo, mweleze bajaji imeharibika na pesa imekwenda wapi. Wa miaka 9 anaelewa. Na tarehe nyingine usiitaje kama huna uhakika nayo. Halafu mpigieni bibi, aongee na kila mmoja kwa zamu.

Baba Wawili
Shemeji, katika siku nne tokeni moja. Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina nyumba za asili za makabila mbalimbali, watoto wanaingia ndani, wanaona watu walilala vipi na jiko lilikaa wapi. Au pandeni pantoni Magogoni, vukeni Kigamboni kwa miguu na chakula chenu kwenye kapu. Kwa mtoto wa miaka 5, kuvuka maji ni safari kamili.

Binti Pangani
Naongezea la jikoni, maana wengi tunawafukuza watoto jikoni halafu tunalalamika hawakai nasi. Pikeni vibibi. Loweka mchele usiku, asubuhi usage na tui, sukari, hamira na iliki, uache uumuke. Nazi akune huyo wa miaka 9. Mkalishe kwenye mbuzi, mshikie mkono mara mbili tatu, mwonyeshe kuzungusha kifuu taratibu na kuacha akiona rangi ya kahawia, asije akatia uchafu kwenye tui. Atachelewa, nusu nyingine itamwagika. Mwache. Mkubwa asimamie chuma cha kuchomea na moto, mdogo apange sahani. Baba naye awepo humo humo jikoni, asikae sebuleni kusubiri kuletewa.

Mzee wa Bao
Mwanangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Mimi nina wajukuu, nakwambia nilichokiona. Chimbeni bao uani. Safu nne, kila safu mashimo manane, jumla 32. Kete ni 64. Komwe ndizo zenyewe, msipozipata okoteni kokoto za ukubwa mmoja. Usianze na bao la wajuzi, watakata tamaa. Anza na la kujifunza, kete mbili kila shimo. Baba acheze na mkubwa. Mtoto wa miaka 13 hasemi mengi akiulizwa maswali, lakini mkiinamia bao pamoja utamsikia anaanza mwenyewe kuzungumza habari za shule.

Usiku zimeni runinga, simu zote ziwekwe juu ya kabati, za wakubwa kwanza. Tegeaneni vitendawili. Asiyejua jibu atoe mji, na mtegaji akiukataa atajiwe mwingine. Akiukubali, asimulie alivyofika huko na alivyopokewa, ndipo atoe jibu. Siku hizi watu wanaruka hapo, wanakimbilia jibu. Msiruke.

Mama Watatu, Tanga
Shikamoo mzee. Hilo la mji hata mimi nilikuwa nimelisahau.

Mama wa Mbagala
Marahaba kwa wadogo zangu, shikamoo mzee wangu. Nimerudi kutoa mrejesho. Tulimwambia. Alilia, akaenda kulala bila kula, asubuhi akaniuliza kama bajaji imepona. Pantoni tulipanda, Makumbusho hatukufika, hela haikutosha. Vibibi vya kwanza viliungua, vya pili vikaliwa vyote kabla ya chai.

Jana usiku umeme ulikatika, tukakaa barazani. Wa kati akatega: «Kuku wangu katagia mibani.» Baba yake akajifanya hajui, akampa Dodoma. Akaikataa. Akampa Mwanza. Akaikataa. Akampa Lushoto, akasema naam, naipokea. Akaanza: nilifika Lushoto jioni, kuna baridi, bibi akanivalisha sweta lake, likanifika magotini, akaniuliza wenzako wako wapi, nikamwambia wanakuja nyuma. Alisimulia mpaka mdogo wake akalala mapajani mwangu. Jibu lenyewe, nanasi, alisahau kabisa kulitoa, ikabidi tumkumbushe.

Begi bado liko pale pale, sijaligusa.